Akashukia Kuzimu

Nyumbani kwetu hakuna aliyekula chakula cha jioni kabla ya rozari. Baba alikuwa katekista, kwa hiyo hapakuwa na udhuru wa uchovu wala wa kazi za shule. Bibi, mama yake mzazi, alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga, mgongo ameuegemeza ukutani, rozari yake ya mbao ikizunguka vidoleni. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani. Mengine yote aliyasema kwa Kichaga. Lakini Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, aliijua neno kwa neno. Sisi watoto tuliikimbiza ili tuifikie ndizi iliyokuwa chunguni. Bibi alikwenda nasi mpaka "akafa, akazikwa", kisha sauti yake ikapanda na mwendo ukapungua: "akashukia kuzimu." Ilibidi wote tumsubiri.

Nilikuwa na miaka kumi hivi siku alipomsimamisha Baba hapo hapo katikati ya sala. Alisema kwa Kichaga, nami nayaweka kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Mwanangu, huko kuzimu Yesu aliwakuta akina nani?"

Baba akamjibu kwamba aliwakuta wazee wa zamani waliokuwa wakimngoja: Abrahamu, Musa, Daudi.

"Hao ni wazee wa Wayahudi. Na wa kwetu je? Baba yake baba mkwe wangu alikufa kabla mzungu hajapanda mlima huu. Yesu alipita hapo asimsalimie?"

Baba alinyamaza. Moto ukalia kidogo, mdogo wangu akakohoa. Kisha Baba akatangaza tendo la kwanza, tukaendelea.

Leo nakaribia umri aliokuwa nao Bibi jioni ile. Nimefundisha somo la Biblia sekondari kwa zaidi ya miaka 30, nimeketi kwenye semina nyingi za utamadunisho, yaani kuipokea Injili kwa mila na lugha zetu, na nimewasikia mapadre wasomi wakieleza jinsi tamaduni za watu waliotawaliwa zinavyoijenga upya teolojia ya Kikristo. Nawashukuru wote. Lakini wengi wao huanza na ngoma, mavazi na vigelegele, na mimi kila nikiwasikiliza narudi kwenye yale mafiga. Bibi hakuuliza kama ngoma iingie kanisani. Aliuliza kama Kristo aliwasalimia watu wake.

Nieleze kwanza mlima wetu ulivyopokea dini. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa Bagamoyo tangu 1868, walipanda Kilimanjaro miaka ya 1890 na kuweka misheni Kilema, baadaye Kibosho na Rombo. Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, walianza Machame mwaka 1893. Kwa hiyo mpaka leo unavuka korongo moja unatoka kwa Wakatoliki unaingia kwa Walutheri, na mara nyingi pande zote mbili ni ukoo uleule. Wamisionari walikuta watu wanaomwomba Ruwa. Neno hilohilo lilikuwa pia jina la jua, na Bibi alituambia kwamba wazee wake waliamka alfajiri, wakatema mate kuelekea juu na kuomba siku iwe njema. Wageni walilipokea jina la Ruwa. Likaingia kwenye sala, likaingia kwenye Agano Jipya la Kichaga. John Mbiti, mwanateolojia Mkenya, alikuja kusisitiza kwamba wamisionari hawakumleta Mungu Afrika. Mungu ndiye aliyewaleta wao. Nikisoma hayo namwona Bibi akiitikia kwa kichwa, kwa kuwa kwake Ruwa hakuwa mgeni hata siku moja.

Ila wafu hawakupokelewa. Warumu, ndivyo wazee wa kwetu walivyowaita, roho za waliotangulia. Hao waliwekwa upande wa shetani. Kummwagia marehemu pombe kidogo kukawa dhambi ya kuungama. Mungu wetu aliingia sebuleni, wazazi wetu wakaachwa nje ya mlango, na mtu wa kawaida aliambiwa achague. Wengi hawakuchagua. Jumapili walikwenda misa, na mambo yakiwazidia walikwenda mgombani usiku. Wasomi wanapenda kuiita hali hiyo imani mbili. Mimi nimeishi ndani yake, nami nasema ilikuwa imani moja iliyokatazwa kusema nusu ya maneno yake.

Na sasa angalia Kiswahili kilivyotenda kazi bila kutumwa na yeyote. Watafsiri walipotafuta neno la makao ya wafu walichukua "kuzimu". Shina lake ni lilelile la mzimu na mizimu, na ndugu zetu wa Rwanda huwaita wafu "abazimu". Kuzimu ni kwa wale wenyewe. Jehanamu ni neno jingine, lina moto wake na hukumu yake. Kwa hiyo katekista aliyekataza mizimu asubuhi aliwaongoza watu jioni kukiri kwamba Mwana wa Mungu alishuka huko huko iliko. Mathayo anasema milango ya kuzimu haitalishinda Kanisa. Ufunuo unasema Kristo anazo funguo za mauti na za kuzimu. Masikioni mwa mtu aliyelelewa kwenye Kigiriki au Kilatini maneno hayo yana picha nyingine. Masikioni mwa Bibi, Bwana Yesu alikuwa ameshika ufunguo wa nyumba waliyomo wazee wake. Ndiyo maana sauti yake ilipanda.

Sikuyajua hayo nilipokuwa binti. Niliyoyafanya ni haya.

Desemba 1987 nilirudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Huko nilikuwa nimeingia kwenye kikundi cha sala, nimeshika moto kweli kweli, kila kitu nakiona kina pepo ndani yake. Nyumbani walikuwa wametengeneza mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya Krismasi. Anayeijua mbege anajua ile harufu ya ndizi mbivu zilizochemshwa zikakaa siku kadhaa, ulezi unaoelea juu kama mchanga mwekundu, na uchungu wa gome la msesewe unaobaki nyuma ya ulimi. Asubuhi, kabla mtu mwingine hajaonja, nilimwona Bibi akipita nyuma ya nyumba na kata mkononi. Nikamfuata. Alisimama kwenye mimea ya masale iliyopandwa karibu na kaburi la Babu, akamimina kidogo chini, akasema maneno ambayo sikuyasikia, akaiweka kata chini ikiwa bado imejaa nusu, akafanya ishara ya msalaba.

Ile ishara ya msalaba ndiyo iliyonipandisha hasira. Nilitoka nilipojificha, nikaichukua kata, nikaimwaga yote. Nikamwambia kwamba amewapa mashetani kinywaji na kumtia Yesu aibu. Nilimwambia hayo mama yake Baba, mwanamke aliyenibeba mgongoni.

Hakunijibu. Aliinama taratibu, akaokota kata, akaipangusa udongo kwa upindo wa kanga, ndani na nje, mpaka kwenye mpini. Akaenda kuitundika mahali pake. Jioni tulisali rozari kama kawaida, na tulipofika "akashukia kuzimu" sauti yake haikupanda. Alipita hapo haraka kama sisi.

Alifariki mwaka 1991. Katika miaka ile mitatu na zaidi sikumwomba msamaha, kwa sababu niliamini sina kosa.

Kilichonigeuza kilikuja polepole, na kilianza na kitabu nilichoazimwa na padre kwenye semina ya walimu wa dini. Kiliandikwa na Padre Charles Nyamiti, mzaliwa wa Tabora, na kilitoka mwaka 1984. Nyamiti anamtafakari Kristo kama Mhenga wetu. Anauliza: kwa Mwafrika, nani anastahili kuitwa mhenga? Ni mtu wa damu yako. Amekufa na sasa yuko karibu zaidi na Mungu. Anakuombea na kukupitishia baraka. Mwenendo wake ni kielelezo kwako. Na ana haki ya kukumbukwa, usimtupe. Halafu anaonyesha kwamba yote hayo yanaonekana kwa Yesu, tena kwa ukamilifu, kwa kuwa ni ndugu yetu kwa ubinadamu wa Adamu na ni ndugu yetu kwa neema ya Baba mmoja. Anamwita Kaka aliye Mhenga. Hata uhusiano wa Baba na Mwana ndani ya Utatu anautazama kwa jicho hilo. Bénézet Bujo wa Kongo naye alifika karibu na hapo, akimwita Kristo Mhenga wa Kwanza.

Nililia nikisoma, na nilijua nalilia kitu gani. Padre mwenye shahada zake, anayefundisha watarajiwa wa upadre, alikuwa anasema kwa lugha ya chuo jambo ambalo Bibi alilisema kwa kata na ishara ya msalaba, na mimi nikalimwaga.

Nilirudi nyumbani na kitabu hicho nikidhani nimebeba jibu. Nikamsimulia mzee mmoja wa ukoo wetu, meku mwenye heshima zake, aliyebatizwa ukubwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Huyo Yesu alioa?" Nikasema hapana. "Aliacha mtoto?" Hapana. "Na alikufa kifo cha kutundikwa?" Ndiyo. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, mtu wa namna hiyo kwetu hana wa kummwagia. Jina lake linapotea. Anakuwaje mhenga?"

Sikuwa na la kusema, na nafurahi kwamba sikuwa nalo, kwa sababu ukimya ule ulinilazimisha kufikiri. Mpaka hapo niliwaza kwamba utamaduni ni chungu na Injili ni chakula: unachagua chungu kizuri, unapakua humo. Mzee alinionyesha kwamba chungu na chakula vinabadilishana ladha. Ukimwita Kristo mhenga, unamheshimu kwa heshima kubwa uliyo nayo, lakini papo hapo unaibomoa sheria yako ya nani anakumbukwa. Aliyekufa bila mtoto, aliyekufa kifo cha laana, ndiye amekuwa mwanzo wa ukoo. Basi wale wengine wote wa ukoo waliokufa hivyo, wasioolewa, tasa, waliozikwa haraka haraka kwa aibu, nao wanadai nafasi zao. Nilimrudia yule mzee baada ya miezi kadhaa nikamwambia hivyo. Alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa na kaka aliyekufa kijana, hajaoa. Akasema tu, "Aika mae," yaani asante mama, akanyanyuka.

Upande wa Walutheri kulikuwa na mtu aliyeanza kazi hii mapema, Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi. Alijifunza Kichaga na sheria za jadi kuliko mgeni mwingine yeyote wa zama zake, na alitaka usharika ujengwe juu ya ukoo, ujirani na rika. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha wawili wawili, mmoja awe mlinzi wa mwenzake, akifuata mfano wa jando la zamani. Namheshimu. Lakini mwamuzi wa kipi ni Uchaga wa kweli alikuwa yeye, na vijana wa Kichaga waliotaka shule na fedha ya kahawa walimwona anawafunga kwenye mambo ya babu zao. Ni jambo la kulikumbuka kila tunaposema "utamaduni wetu". Ni wetu akina nani? Nani amesimama mbele akiusimulia, na nani amebaki jikoni?

Hilo swali la jikoni lilinijia kwa njia ambayo sikuitegemea. Baba alifariki mwaka 2006. Tulipokuwa tukipanga vitu vyake nilichukua Biblia yake, ile yenye jalada jeusi lililopasuka na kushonwa kwa uzi wa gunia. Ilifunguka yenyewe kwenye Waraka wa Kwanza wa Petro. Mstari wa 19 wa sura ya tatu ulikuwa umepigiwa mstari kwa penseli, pale Kristo anapowaendea roho waliokaa kifungoni na kuwahubiri. Na chini zaidi, sura ya nne mstari wa sita: "hata hao waliokufa walihubiriwa Injili." Pembeni, kwa mwandiko wake mdogo wa katekista, Baba alikuwa ameandika majina manne. La mwisho lilikuwa la yule mzee wa swali la Bibi.

Kumbe alikuwa akimjibu mama yake miaka yote. Hakumjibu kwa mdomo, maana katekista alikuwa na mipaka ya anachoruhusiwa kufundisha. Naamini alijua kwamba tangu Novemba 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, aweza kuokoka. Lakini tamko lile linamzungumzia mtu mmoja mmoja na dhamiri yake. Bibi aliuliza kuhusu jamaa: je, walisalimiwa kwa majina? Ndiyo maana Baba aliandika majina.

Nilikaa na Biblia ile mapajani muda mrefu kabla sijaona kilichokosekana. Majina yote manne yalikuwa ya wanaume. Mama wa Bibi hakuwemo. Bibi wa Babu hakuwemo. Kwa mila yetu mwanamke huja kutoka ukoo mwingine, anazaa, anazikwa kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha mume, na wazee wanapotaja waliotangulia wanahesabu baba, babu, baba wa babu. Nyamiti hakunifundisha kuliona hilo, na sidhani kama alikuwa akiliangalia. Mwaka 1989 wanawake wanateolojia wa Afrika walikutana Accra, Mercy Amba Oduyoye wa Ghana akiwa mbele yao, wakaanzisha umoja wao kwa sababu ya jambo kama hili hili: utamaduni uliokuwa unaingizwa kanisani ulikuwa umesimuliwa na wanaume. Mimi nililijua kwa penseli ya baba yangu niliyempenda.

Nisieleweke kwamba nimeuchoka utamaduni. Kuna siku ulinifundisha Injili kuliko mahubiri yoyote. Baba zangu wadogo wawili hawakusemezana kwa miaka saba kwa ajili ya mpaka wa kihamba. Wote wawili walikuwa waumini, wote waliungama kwa padre, wote walipokea komunyo kwenye misa moja, mmoja benchi la kulia mwingine la kushoto. Kila mmoja alikuwa amesamehewa na Mungu, na kila mmoja alipita njia ya juu ili asikutane na mwenzake. Jumuiya yetu ndogondogo ilijaribu mara tatu. (Jumuiya hizi, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970, kwa maoni yangu ndizo teolojia kubwa tuliyoifanya sisi, kuliko vitabu vyote.) Mara ya nne, mwenyekiti, mama mmoja mjane, alisema: "Tumesoma Injili ya kutosha. Leteni isale."

Kwa wasiojua, isale ni mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unatuma mjumbe na jani la isale lililofungwa fundo. Anayeletewa isale hakatai. Kukataa ni kujitoa mwenyewe kwa watu. Mdogo alilishika jani kwa mikono miwili, akaliweka miguuni pa kaka yake, mbele yetu sote. Kaka alilitazama. Jani lilikuwa limechumwa pale pale mpakani, kwenye masale yaliyopandwa na baba yao. Nadhani aliona hivyo, kwa kuwa alichosema kilikuwa, "Baba ndiye aliyeyapanda haya." Akaliokota. Ndipo tukasali Baba Yetu, na nilipofika "kama tunavyowasamehe" sikuweza kuendelea. Wiki iliyofuata walichinja mbuzi, na padre alikuwepo.

Nilijifunza hapo kwamba kitubio tulichofundishwa, cha mimi na padre na pazia katikati, kilikuwa kimeacha nje sehemu kubwa ya mambo: mashahidi, majirani, chakula, na marehemu aliyepanda mpaka. Mathayo anasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, upatane kwanza na ndugu yako. Wakongo waliliweka hilo katika utaratibu wa misa yenyewe. Kwenye misale ya majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988 baada ya kazi ndefu iliyosukumwa na Kardinali Joseph Malula, kuungama dhambi na kupeana amani kunafanyika baada ya Neno la Mungu, kabla ya kutoa vipaji. Na mwanzo wa misa, pamoja na watakatifu, wanaitwa wahenga wenye moyo mnyofu. Desemba 2019 Papa Fransisko aliadhimisha misa ya namna hiyo Roma pamoja na Wakongo waishio huko. Niliiangalia kwenye simu ya mwanangu, jikoni. Wahenga walipoitwa, nilisimama.

Zingatia neno "wenye moyo mnyofu". Wakongo hawakuita wahenga wote kwa mkupuo. Wazee wetu wengine walikuwa wakatili, waliuza watu, waliwapiga wake zao, na mrumu wa zamani aliogopwa kwa sababu angeweza kukuletea ugonjwa usipomkumbuka. Hofu hiyo siitaki irudi, na naona wapo wanaoirudisha kwa jina la utamadunisho. Bibi hakumwaga mbege kwa hofu. Nilimwona uso wake asubuhi ile, kabla sijatoka nilipojificha.

Novemba ni mwezi wa marehemu. Kwetu unaandika majina kwenye bahasha, yanawekwa karibu na altare, na misa zinatolewa kwa ajili yao. Kwa miaka mingi niliandika yale ya Biblia ya Baba, pamoja na la Baba, la Mama na la Bibi. Novemba ya miaka michache iliyopita nilitaka kuongeza mama yake Bibi, nikagundua kwamba hakuna mtu wa ukoo wetu anayelijua jina lake. Nikapanda gari mpaka Rombo alikotoka Bibi. Niliuliza nyumba tatu. Ya tatu nilimkuta mama mzee asiyeona, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikajieleza kwa Kichaga changu cha Vunjo, naye akacheka kidogo jinsi ninavyotamka. Kisha akalitaja lile jina, mara mbili, na akaniambia lilikuwa na maana gani. Sikuliandika hapo. Nilitembea nalo mdomoni mpaka kituoni.

Kabla ya kulipeleka kanisani nilichuma isale, nikalifunga fundo, nikaenda kwenye kaburi la Bibi asubuhi na mapema. Niliwahi kumuuliza yule meku kama mtu anaweza kumwomba radhi marehemu kwa isale. Alishangaa kwamba mwalimu wa dini anauliza jambo hilo. Nililiweka jani chini ya msalaba wa saruji, nikasema kwa Kichaga nilichotakiwa kusema miaka mingi nyuma. Nilikuwa nimekuja na mbege kwenye chupa. Niliimimina kidogo, nikasali Nasadiki, na pale pa kuzimu nikaenda polepole.

Mwaka huo misa ya jumuiya kwa ajili ya marehemu ilifanyika uani kwetu. Padre alikuwa kijana, si mtu wa mlima wetu. Alisoma majina ya bahasha moja baada ya jingine, mengi ya ubatizo, yale yale ya Kizungu tuliyoyazoea. Alipofika kwenye lile la Rombo alikwama, akajaribu, akalivunja vibaya. Kutoka mkekani kwa akina mama, mmoja wa wazee alilisema kwa sauti, namna linavyotamkwa. Padre aliinua macho, akamtazama, akalirudia kama alivyosikia.

"Hivyo," yule mama akasema.

Padre akaliita tena, kisha akaendelea na jina lililofuata.